Kabureta Tatu za Nyamizi

Bwana Rugarabamu, mpenda magari ya kizamani na mwenye kiwanja cha gereji, alizikodolea macho kabureta tatu alizoachiwa Nyamizi na marehemu kaka yake. Majina ya viwanda yalikuwa yamefutika.

"Taja kila moja ilitengenezwa na nani," alisema, mafundi wote wasikie. "Ukikosea hata moja, zote zangu. Ukipatia, ni zako, sikusumbui tena."

Mafundi walicheka. Nyamizi alikuwa muuza chai. Kabureta alizijua kwa uzito tu.

"Sawa, bosi. Hakimu nani?"

"Mimi! Nani mwingine anazijua hapa?"

"Mbona nasikia wewe unajua rangi ya gari tu? Ya ndani eti unaelezwa na dereva."

"Dereva!" Rugarabamu alinyakua kabureta ya kwanza. "Tazameni, mbumbumbu nyie. Hii imelala, ina midomo miwili: Weber. Hii ina kuba, na pistoni yake ni chuma kitupu: SU. Hii nayo ina kuba, lakini pistoni imeshikwa na ngozi ya mpira: Stromberg. Haya, muuza chai, zamu yako."

Nyamizi alizigusa moja moja, bila haraka.

"Weber. SU. Stromberg."

"Umesikia kwangu!"

"Nimekosea, hakimu? Kama nimekosea, waambie mafundi ni ipi uliyokosea wewe."

Mafundi walimgeukia Rugarabamu. Alizisukuma kabureta kwa Nyamizi, akaondoka.

Kabla hajafika getini, Nyamizi alikuwa ameshaandika majina yote matatu kwa chaki juu ya kabureta zake, asije akayasahau.