Chogo la Mzee Kobelo

"Usitupe chogo, tafuta king'amuzi." Mmemsikia Bi Hidaya akimwambia mwanawe hivyo, mkacheka, sasa mnataka kujua chogo gani. Sogeeni basi. Methali hii ilizaliwa Kihonda, nyumbani kwa Mzee Kobelo na mkewe Bi Mwashamba, mwaka ule mitambo ya analojia ilipozimwa.

Bi Mwashamba alikuwa na jambo moja tu moyoni. Binti yao, Stumai, alikuwa amepata kazi ya utangazaji, na Jumamosi saa kumi jioni angesoma habari kwa mara ya kwanza. Mama mtu alishaalika majirani na kuloweka mchele wa vitumbua. Ijumaa asubuhi akawasha televisheni yao ya zamani, ile yenye chogo nyuma, akakuta chenga tupu.

Mzee Kobelo alikuwa mjuzi wa kila asichokijua. "Dijitali ni ya televisheni bapa," alisema. "Hii ina chogo. Mawimbi yakiingia yanapotelea huko nyuma."

Akaibeba hadi bandani, na kabla ya adhuhuri tetea alikuwa ameshajilalia juu yake.

Bi Mwashamba hakubishana, ila roho ilimuuma. Mwanawe aonwe na nchi nzima, halafu yeye asimuliwe? Alijitanda khanga akaenda mjini kwa fundi Kunambi.

"Mama, televisheni yako haijafa," fundi alimwambia. "Wamebadilisha lugha tu. Inataka wa kuing'amulia."

Akampa king'amuzi na nyaya zake tatu, akamwonyesha pa kuchomeka na kitufe cha kubonyeza.

Jumamosi saa tisa na nusu, majirani wakiwa wameshajaa sebuleni, Bi Mwashamba alimfukuza tetea, akaipangusa televisheni, akaiingiza ndani. Mumewe alisimama mlangoni.

"Mama Stumai, unaniaibisha mbele za watu. Chogo haling'amui kitu."

Bi Mwashamba alichomeka waya wa njano, kisha akamtazama mzee kuanzia usoni hadi kisogoni. Mnajua, Kobelo tangu utotoni kofia humkaa upande kwa sababu ya chogo lake.

"Baba Stumai, kama vyenye chogo hutupwa, wewe ungekuwa bandani mwaka wa thelathini huu."

Majirani walicheka hadi wakashikana. Kobelo aliigusa kofia yake, akajaribu kununa, ikamshinda, akacheka naye.

Lakini chenga zilikuwa palepale, na saa kumi inakaribia. Bi Mwashamba akakumbuka kitufe cha fundi. Akabonyeza, kioo kikawa cha buluu, akakiamuru king'amuzi kitafute chaneli. Kobelo alitoka mwenyewe kwenda kuzungusha antena.

"Hapo?"

"Rudisha kidogo."

Mara sauti ikajaa sebule: "Hamjambo watazamaji." Alikuwa Stumai, kilemba kimemkaa vizuri. Vigelegele vikapigwa. Kobelo aliiacha antena akakimbilia ndani, picha ikapotea, wote wakamfukuza arudi. Basi alimtazama mwanawe kupitia dirisha, mkono mmoja umeshika mlingoti, machozi yanamtoka kwa furaha na hana mkono wa kuyafuta, kwani wa pili ulikuwa na kitumbua.

Baadaye Stumai alipiga simu. "Baba, umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu. Na shika neno hili la baba yako aliyechekwa leo, maana chogo ni langu mwenyewe: usitupe chogo, tafuta king'amuzi."