Mwaka wa Moshi

Imepokewa kutoka kwa wazee wa Mwangatini, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika kijiji chao haukupita mwaka bila kupewa jina. Mwangatini ilikuwa upande wa bara, mwendo wa siku mbili kutoka pwani, na watu wake walikuwa wakulima wa mtama. Siku ya mvua ya kwanza, mbegu ziliposhushwa kwenda shambani, watu walikusanyika wakautazama mwaka waliokuwa wakiuacha nyuma, kisha wakauita kwa jambo lililowafika: Mwaka wa Nzige, Mwaka wa Harusi Saba, Mwaka wa Chui. Kwa majina hayo walijua umri wa watoto wao.

Kisa hiki ni cha Mwaka wa Moshi. Aliyeusababishia jina hilo ni mwanamke mmoja mcha Mungu, Bi Mwanashamu binti Athmani bin Shee. Wapo wanaomtaja kuwa ni Mwanasha, na hilo si sahihi. Mwanasha alikuwa dada yake, naye alifariki akiwa mdogo.

Bi Mwanashamu alikuwa mjane, hana shamba, na riziki yake ilitoka mekoni. Alipika mikate ya mtama na maharage, akawauzia wapita njia tangu alfajiri mpaka magharibi, hata watu wakasema kwamba moto wa nyumba ile hauna likizo. Kwa sababu hiyo ndiye aliyeaminiwa mbegu za kijiji. Ilikuwa desturi yao, baada ya mavuno, kila nyumba kuchagua masuke yake bora, kuyafunga kwa ukindu wenye fundo la nyumba hiyo, na kuyapeleka kwa Bi Mwanashamu. Huko yalipangwa katika uchaga uliojengwa kwa fito juu ya mafiga, ili moshi wa mapishi uyafukize na fukusi, wadudu wa nafaka, wasiyatoboe. Kisha mlango wa uchaga ulizibwa kwa udongo mbichi, na imamu wa msikiti, Maalim Bwanadi bin Omari, akaugandamiza kwa kiganja chake. Alama ile ya mkono haikuvunjwa mpaka mvua inyeshe. Wazee waliona mbali: mtu mwenye njaa akikaa na mbegu zake mwenyewe, atazila.

Mwaka huo mvua za vuli hazikuja kabisa. Maghala yakaisha, mbuzi wakaisha, na kufikia Mfunguo Nane, miezi miwili kabla ya Rajabu, watu walikuwa wakila mizizi ya porini. Wapita njia walikatika. Nyumba moja baada ya nyingine ikaacha kutoa moshi, kwani hapakuwa na cha kupika.

Asubuhi moja Bi Mwanashamu aliketi mbele ya mafiga yake yaliyopoa, akatazama juu kwenye uchaga, akasikia sauti ndogo, kama mtu anayekwaruza kwa ukucha. Ilikuwa sauti ya fukusi. Akafahamu jambo ambalo hakuna aliyewahi kuhitaji kulifikiri. Miaka yote moshi ulikuja pamoja na chakula, bure, wala hakuna aliyeuita kazi. Sasa chakula kimekwenda na moshi umekwenda nacho, na mbegu zinaliwa kimya kimya.

Akajifunga kanga kiunoni, akaenda porini kuokota vijiti na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Tangu siku hiyo aliwasha moto asubuhi na jioni, pasipokuwa na kitu cha kupika. Aliteleka chungu cha maji, akatia majani ya mrehani, kwa kuwa, alisema, mafiga matupu yanatia huzuni. Jirani yake, Bi Mwanakombo, alikuja siku ya kwanza akivuta harufu.

"Hodi, dada. Leo umepika nini?"

"Maji."

"Na jioni?"

"Jioni ni maji ya asubuhi. Yatakuwa yamekolea."

Wakacheka, wakanywa, wakamshukuru Mungu kwa kuwa maji hayakuwa yamekauka nayo.

Lakini moshi unaonekana mbali, na harufu ya mrehani haimwambii mtu mwenye njaa kwamba chunguni hamna kitu. Mume wa Bi Mwanakombo, Mbwarahaji bin Kale, alikuwa mtu wa swala na funga, ila ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake. Siku moja baada ya swala ya alasiri alisimama barazani pa msikiti akanyoosha kidole.

"Jamani, tazameni! Matumbo yetu yanapiga zumari, na nyumba ile moshi asubuhi, moshi jioni. Mwanamke hana shamba, hana mbuzi, hana mwana wa kumletea. Anapika nini kama si mbegu zetu?"

Watu wakaondoka wote pamoja, Maalim Bwanadi akiwa mbele. Walimkuta Bi Mwanashamu akipuliza moto, macho mekundu kwa moshi.

"Mama," akasema Maalim kwa upole, "watu wana neno."

"Nimelisikia tangu lilipokuwa msikitini, Maalim. Mzee Mbwarahaji hanong'oni. Nafukiza mbegu. Fukusi wameingia."

"Tangu lini moshi ukapikwa peke yake?" akauliza Mbwarahaji. "Sisi hatukuzaliwa jana. Maalim, vunja udongo tuone!"

Maalim akauinua mkono. Bi Mwanashamu akasimama kati yake na mlango wa uchaga.

"Alama ile ni ya mkono wako, Maalim, na ukitaka kuivunja sina nguvu ya kukuzuia. Ila niambie kwanza, leo umekula nini?"

"Mizizi. Na jana mizizi."

"Na hawa nyuma yako?"

"Ni hivyo hivyo."

"Basi ukifungua mtauona mtama, na jina langu litakuwa safi saa hii hii. Kisha mmoja atasema, tuchukue kiganja kimoja tu, mtoto wangu analia. Mwingine atasema, na mimi. Nami ndiye nitakayewatelekea chungu, maana nami nina tumbo. Kesho tutakuwa tumeshiba, na mvua ikinyesha hatutakuwa na cha kupanda. Niacheni na jina baya mpaka mvua ije. Jina linaoshwa. Mbegu ikishaliwa hairudi."

"Maneno ya mwizi hayo!" akasema Mbwarahaji. "Mwizi gani anayekubali kupekuliwa?"

"Na mwizi gani anayewasha moto mchana, upande wa msikiti, ili watu wauone?"

Baadhi ya watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomteremsha Maalim mkono. Alisema kwamba hatafungua. Lakini hakusema kwamba anamwamini, kwa sababu hakuwa na hakika, naye hakuwa mtu wa kusema asilolijua. Wakatawanyika na shaka yao.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito kwa mwanamke yule kuliko njaa yenyewe. Wanawake waliokuwa wakija kwake kila asubuhi kuomba kaa la moto wakaacha. Kisimani walimpisha ateke peke yake. Alipotoa salamu aliitikiwa, kwa kuwa kuitikia ni wajibu, lakini kwa sauti ya kumezea. Ni Bi Mwanakombo tu aliyeendelea kuja kunywa maji ya mrehani, na mumewe alipomkaripia alimjibu, "Mume wangu, kama kule kunapikwa mtama, basi mimi ndiye mtu wa kwanza duniani kukondeana kwa kula mtama." Mbwarahaji akaenda kuswali rakaa mbili.

Bi Mwanashamu hakuacha moto wake hata siku moja. Alipoulizwa na Bi Mwanakombo kama hachoki, alisema, "Kila nikipuliza moto huu, nasema kwa Mola wangu: mimi natazamia mvua yako. Kama sitazamii, nafukiza nini?"

Mwisho wa mwezi wa Shaabani, siku ya Jumatano, adhuhuri, mbingu zikafunga. Mvua ikanyesha mpaka mitaro ikafurika, na wazee wakatoka nje wakasimama uani wakilowana kama watoto. Siku ya pili watu wote walikusanyika kwa Bi Mwanashamu. Maalim Bwanadi akasema Bismillahi, akavunja udongo.

Masuke yakashushwa fungu moja baada ya jingine, meusi kwa masizi kama mkaa. Maalim akatwaa punje moja akaing'ata. Ikalia jinoni, ngumu, nzima. Akatwaa kutoka fungu la pili na la tatu. Hapakuwa na fukusi. Kila nyumba ikaliona fundo lake, na kila fungu lilionekana limejaa. Hakuna aliyejua pa kuweka uso wake.

Mbwarahaji akatoka mbele, kofia mkononi. "Bi Mwanashamu," akaanza, "mimi nina jambo—"

"Subiri, Mzee Mbwarahaji. Mimi nina jambo kabla yako." Akavuta pumzi, akasema mbele ya wote: "Fungu lako limepungua suke moja. Mwezi wa Rajabu, siku ya Ijumaa, ukindu ulilegea kwa joto, suke likapita kati ya fito, likaanguka katika makaa. Nikatazama juu kati ya fito, nikaliona fundo lako. Nilitaka kuliokoa, Mungu shahidi yangu, lakini lilikuwa limeshaanza kupasuka kama bisi, na harufu yake, jamani, harufu yake! Nikalila lote. Hata kapi sikuacha. Halikuwa langu, na siku zote hizi halijanitoka moyoni."

Mbwarahaji akamtazama, akalitazama fungu lake, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa akicheka.

"Alhamdulillahi!" akasema. "Basi nilisema kweli kwamba unakula mbegu yangu!"

"Ulisema kweli," akajibu Bi Mwanashamu, "lakini ulisema Mfunguo Nane, nami nimekula Rajabu. Uliitanguliza."

Hapo kijiji kizima kilicheka, Maalim naye, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Na Mbwarahaji, aliyekuwa akicheka kuliko wote, akajikuta analia. "Dada yangu," akasema, "kwa suke moja umeona haya miezi miwili. Mimi nimekula jina lako zima, wala sikukosa usingizi."

"Nisamehe suke," akasema Bi Mwanashamu, "nami nikusamehe mwaka."

Wakapeana radhi, na wote waliokuwapo wakapeana radhi nao.

Ilibaki kuupa mwaka jina. Mmoja akasema uitwe Mwaka wa Njaa. Mwingine akasema Mwaka wa Mizizi, na Bi Mwanakombo akadai uitwe Mwaka wa Maji ya Mrehani, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyanywa mengi. Maalim akamgeukia Mbwarahaji, akamwambia, "Wewe ndiwe uliyeuona kwanza. Uite." Naye akasema, "Uitwe Mwaka wa Moshi." Hakuna aliyepinga, na hivyo ndivyo watoto waliozaliwa mwaka ule walivyohesabiwa umri mpaka wakawa wazee.

Ndugu zangu, njaa ya mwaka ule ilikuwa kweli, na watu wa Mwangatini hawakuikana. Lakini walipogeuka kuutazama nyuma hawakuupa jina la kile walichokikosa. Waliuita kwa kazi iliyofanywa na mtu mmoja aliyeamini kwamba mvua itakuja, akaendelea kupuliza moto chini ya mbegu za watu waliokuwa wakimsema. Kila mmoja wetu ana mwaka wake mgumu, na huenda ndio huu tunaoumaliza. Tuutazame vizuri kabla ya kuupa jina, kisha tuombane radhi, kwani kila fungu lina suke lililopungua. Mola aziteremshe mvua zake juu yetu, na zitukute tukiwa bado na mbegu mkononi. Amin.