Kisima cha Mshamu na Kamba ya Mwanatumu

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Basi hapo kale pakawa na mji, na katika mji huo malenga mmoja, jina lake Mshamu. Kutunga alijua. Kukaa kitako hakujua.

Mshamu alimpenda Mwanatumu, binti msokota kamba. Alimpenda hasa, hata chakula kilimshinda. Na desturi ya mji ule, posa haikusemwa wazi. Mwanamume alitunga fumbo, mwanamke akajibu ndani ya fumbo lilelile, mara tatu kwenda, mara tatu kurudi. Mshenga alikuwa ndege kurumbiza. Na fumbo lazima liishe kabla kitanda cha bibi harusi hakijawambwa kamba. Lisipoisha, basi tena.

Mshamu akamwita kurumbiza. "Kamwambie: nimefika kisimani, maji nayaona, kiu yaniua, kamba sina."

Kurumbiza huyoo!

Mshamu akabaki akizunguka nyumba. Akaenda mlangoni, akarudi. Akaenda dirishani, akarudi. Akaenda uani, akarudi. "Mbona kimya? Labda kisima hakikumpendeza." Jua halijageuka, ameshapata fumbo jingine.

Kurumbiza akatua. "Mwanatumu asema: kamba naisokota. Niulize kina."

"Kisima kimepitwa na wakati! Kamwambie: mimi shamba, mvua imenikimbia."

Huyoo! Akarudi. "Asema: wingu naliona. Lakini kile kisima umemwachia nani?"

"Kamwambie: mimi taa, mafuta yameniishia."

"Bwana Mshamu, mabawa yaniuma. Maliza moja."

"Nenda we! Moyo unawaka, nitatuliaje na moja?"

Huyoo! Mara hii akarudi polepole.

"Asema nini?"

"Hakusema. Alikuwa akisokota."

Sasa, mjini humo alikuwepo Faki, mchunga mbuzi, naye alimpelekea Mwanatumu fumbo moja tu, tena la kuchekesha: mbuzi amekata kamba, anatafuta kigingi. Akajibiwa kigingi kipo, akauliza kipo wapi. Akajibiwa kipo kivulini, akauliza kimekita? Akajibiwa kimekita. Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi. Watu walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Yeye katulia na mbuzi wake.

Asubuhi moja Mshamu akasikia ngoma. Akakurupuka, akakamata ndoo, ndoo ya kweli jamani, akakimbia nayo mpaka uani kwa kina Mwanatumu.

"Mwanatumu! Nimerudi kisimani! Kina chake pima ngapi?"

Mwanatumu alikuwa amesimama kando ya kitanda kipya. Hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

"Pima saba, Mshamu. Kamba niliisokota ikatimia, nikakungoja nimeshika ncha yake. Sasa nimeiwambia kitanda."

Mshamu akakaa kitako, mara ya kwanza tangu azaliwe. Akaitazama ile kamba ilivyopita huku na huku kitandani, akaipima kwa macho. Ilikuwa pima saba kamili.

Haya wenzangu, ukilianza fumbo la mapenzi, kaa humo mpaka ujibiwe. Anayehama kila siku hata barua haimkuti.

Hadithi yangu imekomea hapo. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mwenyewe. Nami harusini nilikuwepo: nikapewa ukoko, na ndoo ya Mshamu ndiyo niliyonawia.