Kiongozi wa Ukaguzi wa Maji

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanafagia nyua zao na kubandika vyungu mekoni kama sisi, maji yalianza kupungua katika nchi ya Simba. Visima vya bondeni vilikauka kwanza. Bi Nguchiro, aliyeishi huko, alikuwa akiamka alfajiri kuwalambisha wanawe umande. Umande nao ukakosekana. Mtoto wake wa mwisho akawa hawezi hata kulia.

Mfalme Simba akaitisha baraza.

"Nataka maji ya nchi nzima yakaguliwe," akasema. "Tujue yamepungua wapi, na kwa nini. Leo tupange tutaanzia wapi, na nani atawaongoza wakaguzi."

Tembo akasimama, vumbi likatimka, puu!

"Mfalme, kwangu kilimani msijisumbue. Kumekauka mpaka mkonga unapasuka."

"Na kwangu mtoni ni matope matupu," akasema Kiboko. "Tena ukaguzi ungoje masika. Jua hili litawaua wakaguzi."

"Masika!" Bi Nguchiro akaruka. "Mzee Kiboko, masika kila shimo lina maji. Mtakagua shida gani hapo?"

"Kaa chini wewe!" Kiboko akafoka. "Wakubwa wanapanga!"

Bi Nguchiro akakaa. Akamtazama Kiboko: ngozi imelowa, inang'aa. Akamtazama Tembo: magugumaji mabichi yamemnasa sikioni. Wengine nao walikuwa wameyaona hayo, ila nani angethubutu kumwambia Tembo kuwa ni mwongo?

Akainuka tena, sasa kwa upole.

"Shikamooni wazee wangu. Huyo kiongozi wa wakaguzi, si atatangulia mbele ya wote, akipigiwa ngoma?"

"Naam," akajibu Simba.

"Basi asiwe mnyonge kama mimi. Awe mtu aliyezoea maji mengi. Aliyekaukiwa atayajulia wapi? Mimi naona tumpe Mamba. Wazee hawa wawili, maskini, hawana kitu."

Tembo akakohoa.

"Mamba? Mamba ana nini? Mimi nyuma ya kilima nina bwawa, ukitumbukia humo huonekani!"

"Ho! Ho! Ho!" Kiboko akaangua kicheko. "Bwawa gani? Kile kidimbwi cha kuoshea mkonga? Mimi nimeuziba mto mzima kwa magogo na udongo! Nikisimama, maji yananifika shingoni! Nani nchi hii ana maji kama mimi?"

"Mwongo! Langu lina kina zaidi!"

"Lako? Njoo uone langu!"

Kisha Kiboko akasikia alichokisema. Kinywa kikabaki wazi.

Simba hakunguruma. "Mpango umekamilika," akasema. "Tunaanzia kwa Kiboko, kisha kwa Tembo, kisha nchi nzima. Na tunaanza leo."

Wakaenda wote. Nyati akavuta gogo, Kifaru akasukuma udongo. Krrr! Pwaaa! Maji yakaporomoka kuelekea bondeni. Kiboko alikuwa amesimama katikati. Yakamshuka shingoni, tumboni, mpaka magotini. Tembo yeye aliamriwa kuchimba mfereji kutoka bwawani kwake, akachimba.

"Bi Nguchiro," Kiboko akaita kwa sauti ndogo, "si ulisema kiongozi awe mwenye maji mengi?"

"Nilisema, mzee wangu. Na umetuongoza vizuri. Tumefika."

Akajitwika mtungi wake mtupu, akakimbia kwake. Alipofika, mto ulikuwa umemtangulia, na wanawe wamelala kifudifudi ukingoni wakinywa, gugu, gugu, gugu.

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu: siri inayolindwa na nguvu hutolewa nje na majivuno.