Josho la Maji Matupu

Wakulima wa kilima kimoja upande wa Marani walijenga josho lao mwaka 1968 kwa jasho lao wenyewe. Walibeba mawe na saruji vichwani, kisha wakachagua kamati. Nyangau akawa mwenyekiti, naye Makori akapewa kazi ya ukaguzi: kila Alhamisi, kabla ng'ombe hawajaingia majini, ahakikishe dawa ya kuua kupe imetiwa, kisha atie sahihi kitabuni. Kazi hiyo haikuhitaji digrii. Ilihitaji macho mawili na ulimi usioogopa.

Lakini binti ya Nyangau alikuwa ameolewa na mwana wa Makori, na kwa Wagusii mkwe haonyeshwi kidole. Basi Makori alipoyaona maji ya josho meupe kama ya kisimani, alijikuna kichwa tu.

"Mkwe, mbona leo dawa siioni?"

"Dawa ya siku hizi haina rangi, mkwe wangu. Tia sahihi, jua linakuwa kali."

Makori akatia sahihi. Alhamisi iliyofuata akatia tena.

Persis, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, tena ng'ombe mwenye mimba, alimfuata Makori shambani akiwaka hasira, ingawa bado alimwita tata, yaani baba.

"Tata Makori, ng'ombe wangu aliogeshwa jana, leo masikio yamejaa kupe. Mmetia nini humo?"

"Kupe wa masika ni wagumu, mama. Mwenyekiti ni mtu wa kanisa, hawezi kutudanganya."

"Sikukuuliza habari za kanisa! Nimekuuliza habari za dawa!"

Makori akainamia majani yake ya chai. Hilo ndilo linalochoma moyo: alijua! Alijua, akafunika kombe mwanaharamu apite.

Baada ya wiki tatu ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, iliingia. Ng'ombe wa Persis alivimba tezi chini ya masikio, akahema kwa shida siku mbili, akafa na ndama tumboni. Kilima kizima kilipoteza ng'ombe kumi na mmoja. Wa Nyangau hakufa hata mmoja. Bwana mifugo, aliyeitwa kuchunguza vifo hivyo, alipopekua ghala la Nyangau, alikuta madebe ya dawa ya josho pamoja na bomba la kunyunyizia ng'ombe wake mwenyewe.

Mkutano uliitishwa kesho yake. Persis alipita katikati ya watu, akabwaga sikio la ng'ombe wake, kupe wangali wameganda, juu ya kitabu cha kamati.

"Someni!" alifoka. "Sahihi hii ni ya nani?"

Nyangau alisimama, hata haya hana. "Mimi ni mwenyekiti tu. Mkaguzi ni Makori. Yeye ndiye aliyeandika kwamba dawa imetiwa."

Makori alimgeukia. "Mkwe, mimi nilikustahi."

"Ulimstahi yeye?" Persis alimkata kauli. "Sisi ndio tuliokuchagua!"

Wanachama waliwafukuza wote wawili katika kamati. Nyangau aliamriwa kulipa ng'ombe kumi. Wa kumi na mmoja, wa Persis, alilipa Makori: alimtoa mtamba wake wa pekee, na mjane akamswaga kwenda kwake bila kusema asante. Aliyepewa macho ya kulinda mali ya wenzake, akayafumba kwa sababu ya ukwe, asilalamike. Akipenda, chongo huita kengeza.