Jeshi la Kundaeli na Jani la Isale

Palikuwa na mwanamume mmoja mjini Moshi, jina lake Kundaeli, naye alikuwa na jeshi. Jeshi lake lote lilienea katika kabati moja la vioo sebuleni. Lilikuwa jeshi la askari wa kuchezea, kila mmoja mrefu kama kidole cha shahada, waliotengenezwa kwa madini ya risasi na kupakwa rangi kwa mkono: makoti mekundu, suruali nyeusi, tarbushi zenye shada. Hawakuwa wa zamani. Ng'ambo kulikuwa na karakana iliyowanakili askari waliochezewa na watoto wa enzi za mababu, mkunjo kwa mkunjo, kifungo kwa kifungo, ikawafunga kwa uzi kwenye kadi na kuwatia katika masanduku mekundu yaliyofanana na yale ya kwanza hata kwa maandishi ya kifunikoni. Asiyejua angeapa kwamba ni wale wale. Kundaeli alijua, na kujua huko ndiko kulikomkosesha raha.

Alijua kwa sababu wale wa kwanza aliwahi kuwashika. Baba yake, karani wa shamba la kahawa, aliachiwa seti nzima na mlowezi aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Wakaja nyumbani mlimani, watoto wakawachezea mpaka rangi ya pua zao ikaisha. Mpiga tarumbeta alipoteza mkono. Mpiga ngoma alikatika kichwa, na baba akakirudisha kwa njiti ya kiberiti, akakaa hivyo miaka yote, shingo imepinda kidogo kama mtu anayesikiliza jambo chumba cha pili. "Hawa watakuwa wako," baba alimwambia Kundaeli, kwa kuwa ndiye mzaliwa wa kwanza. Naye akaliweka neno hilo moyoni, akakua nalo.

Kisha baba akaugua. Kundaeli alikuwa kazini mjini. Aliyebaki kihambani, shamba la migomba la ukoo, ni mdogo wake Ndekirwa, kitinda mimba, ambaye kwa desturi ya Wachaga ndiye abakiaye na nyumba ya wazazi. Ndekirwa ndiye aliyemlisha mzee, ndiye aliyemgeuza kitandani. Katika siku za mwisho mzee aliwaomba wale askari, akawa halali mpaka awe amewashika, na alipokata roho walikuwa bado mkononi mwake. Ndekirwa hakuweza kumnyang'anya. Akawapanga jenezani ubavuni mwa baba yake, hakumwambia mtu. Kundaeli alipata habari udongo umekwisha kushindiliwa na watu wananawa mikono. Akamtazama mdogo wake, akaingia garini. Tangu siku ile hawakusemezana.

Hapo ndipo alipoanza kununua. Sanduku la kwanza lilipofika alilifungua, akamwinua mpiga ngoma, akangoja. Alichokingoja hakikuja. Kichwa cha mpiga ngoma huyu kilikuwa kimesimama wima, imara, hakina alichowahi kukisikia. Mpiga tarumbeta alikuwa na mikono miwili. Kundaeli akajiambia kwamba wekundu wa makoti umezidi, kwamba sharubu zimechorwa nene mno, na kwamba seti nyingine itakuwa sahihi zaidi. Akaagiza nyingine. Nayo ilikuwa na kasoro yake, akaagiza ya tatu, na kadiri jeshi lilivyoongezeka ndivyo na woga wake ulivyoongezeka. Aliogopa vumbi. Aliogopa jua la saa tisa lililopenya dirishani, na sisimizi, na vidole vya wageni. Mwishoni alizungushia milango ya kabati ukanda wa mpira ili hata hewa isiingie, akautia ufunguo kwenye uzi, akauvaa shingoni.

Ikawa siku moja dada yao, Aikande, akashuka mjini akiwa na kitu amekifunga katika khanga. Alipokifungua kilikuwa jani la isale, bichi, limepigwa fundo.

Kwa watu wa mlimani jani hilo halihitaji maelezo. Aliyekosa humtuma mtu alipeleke kwa aliyekosewa, na aliyekosewa akishaletewa isale hana njia ya kukataa kusamehe. Kulitupa ni kujitafutia laana yeye na uzao wake. Kundaeli alilitazama kama mtu aonavyo nyoka mlangoni.

"Desemba watu wakipanda nyumbani tunajengea kaburi la baba kwa zege," Aikande alisema. "Ndekirwa anasema karai la kwanza ni lako. Bila wewe hataki kuanza."

"Hakusema kingine?"

"Mengine mtasemezana wenyewe. Mimi si redio yenu."

Kundaeli alilipokea kwa ncha za vidole, akaliweka juu ya meza. "Basi, nimeliona," akasema.

"Kuliona hata mbuzi huliona, kaka. Nakuuliza, umelipokea?"

Akajibu kwamba ana kazi nyingi, kwamba atafikiri, kwamba jambo kama hilo halifanywi kwa pupa. Na moyoni hakuwa akidanganya. Alitaka kusamehe vizuri. Alitaka siku atakayompa Ndekirwa mkono awe hana chembe ya uchungu, jeshi lake limekamilika, pengo limezibika. Asije akasamehe nusu nusu kama fundi anayepaka rangi juu ya kutu. Aikande akamaliza chai yake, akaondoka.

Sasa jani likamlemea. Kulitupa hakuthubutu. Kuliacha mezani hakuthubutu vilevile, maana ndugu wakipita wangeuliza, umemjibu? Nyumba nzima ilikuwa na sehemu moja tu yenye kufuli. Akafungua kabati, akaliweka jani nyuma ya bendi, pale ambapo safu za makoti mekundu zingelificha. Lakini hapo nako akaingiwa na hofu nyingine: jani likikauka, je, haitakuwa kana kwamba amelikataa? Hakuna aliyemwambia hivyo. Ni yeye mwenyewe aliyewaza. Basi akachukua pamba, akailowesha, akalizungushia shina lake, akaufunga mlango kwa ukanda wake wa mpira. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alifungua, akaidondoshea pamba maji, akafunga tena. Jani lilibaki bichi. Hakulikataa wala hakulipokea, na aliona amefanya kwa busara.

Msimu ukapita. Ndipo mkewe, alipokuwa akifagia karibu na kabati, akacheka peke yake.

"Baba Nsia, askari wako wanajipaka poda. Wanakwenda harusini?"

Akaja mbio. Ilikuwa kweli. Miguuni mwao, pale rangi ilipokuwa nyembamba, ulikuwa umetoka unga mweupe kama wa chokaa. Aliupangusa kwa kitambaa laini na chini yake akakuta madini yameliwa, yana vishimo. Baada ya siku chache unga ulikuwa umerudi, na sasa umepanda mpaka mikandani. Kundaeli akakosa usingizi. Alilaumu mvua. Alilaumu karakana. Akamlaumu mkewe kwa siki anayofutia vioo.

"Kabati lako sina hata ufunguo wake," mkewe akamjibu. "Hiyo siki niliipitisha wapi, tundu la kitasa?"

Asubuhi moja aliinama na maji yake ya pamba, akaona kioo cha kabati kimetoa jasho kwa ndani. Akabaki ameinama hivyo. Akatazama safu moja baada ya nyingine kwa makini yake yote, na jicho lake lilikuwa kali, halikumsaidia kujidanganya. Askari wa mbele, karibu na mlango, walikuwa wameguswa kidogo tu. Waliofuata walikuwa wameliwa magoti. Wale wa bendi, waliolipa jani mgongo, walikuwa weupe mpaka kifuani, na mpiga ngoma mwenye kichwa wima alipomgusa alianguka vipande viwili. Kilichowala hakikutoka nje. Yeye ndiye aliyekileta, akakinywesha kila siku, akakifungia pamoja nao wasipate hewa nyingine ya kuvuta.

Lazima jani litoke. Hilo lilikuwa wazi. Lakini likishatoka litakwenda wapi? Alilibeba kutoka sebuleni hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi uani, akalirudisha. Halikuwa na mahali katika nyumba ile. Lilikuwa na mahali pamoja tu duniani, na palikuwa mlimani, na Desemba ilikuwa imefika; magari kutoka kila mkoa yalikuwa yakipandisha watu makwao. Basi naye akapanda.

Isemwe ukweli: hakupanda kwa kuwa amesamehe. Uchungu wake ulikuwa palepale ulipokuwa siku ya maziko. Alipanda ili kuwaokoa askari waliobaki kabatini, na njia nzima aliwaza kwamba ameacha milango yake wazi ili ikauke na sasa vumbi linaingia. Alikusudia kulikabidhi jani, kusema neno moja la adabu, na kugeuza gari kabla ya watu kukaa kula. Kila kona alipunguza mwendo. Mara mbili alisimama kando ya barabara, akajiuliza kama si afadhali kungoja mwaka mwingine, moyo ukiwa umetulia.

Alipofika kihambani watu walikuwa wamelizunguka kaburi kati ya migomba. Zege lilikuwa limekwisha kuchanganywa, bichi, linang'aa juu ya bati. Ili kuweka msingi walikuwa wameondoa udongo wa juu na kuuacha umelegea pembeni. Kundaeli akaona jembe limeegemezwa mgombani. Hakutaka kulitazama, lakini macho yake yalikwenda kwenye jembe, yakashuka kwenye udongo uliolegea, yakarudi kwenye jembe. Wale wa kweli walikuwa hapo chini, kimo cha mtu tu. Mpiga ngoma na njiti yake alikuwa hapo. Na baada ya leo hakuna ambaye angewafikia tena.

Ndekirwa alimwona anavyotazama. Alikuwa amezeeka, mikono yake imejaa saruji. Hakumsalimu kwanza, wala hakumlaumu.

"Kaka," alisema, "kama umewafuata wale, jembe lile pale. Chimba, sitakuzuia wala sitamruhusu mtu akuzuie. Kama umemfuata baba, shika karai. Ila amua sasa, zege linaganda."

Kundaeli akafungua kinywa aombe muda, kwa maana maisha yake yote alikuwa mtu wa kuomba muda. Alitaka kueleza kwamba hakuwafuata hao wala huyo, kwamba amekuja kwa sababu ndogo zaidi, ya aibu, sababu iliyobaki kabatini mjini. Lakini kwa sababu hiyo hapakuwa na chombo mahali pale. Palikuwa na jembe na palikuwa na karai. Akatazama juu ya bati, akaona kingo za zege zimeanza kupoteza mng'ao.

Akamnyooshea mdogo wake jani. Ndekirwa akalipokea, akalichomeka udongoni upande wa kichwa cha baba yao, kisha akamsogezea karai kwa mguu. Kundaeli akainama, akalishika. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na moyo wake haukuwa mweupe. Hata alipokuwa akilibeba alikuwa bado anaona uchungu, bado anahofia vumbi la sebuleni kwake, bado hajui kama anachokifanya ni kusamehe au ni kuchoka. Akamimina. Zege likashuka, likajaza pembe zote za msingi, na halikumwuliza aliyelibeba amekuja kwa ajili ya nani. Ndekirwa akalilaza kwa mwiko, akasema, "Lingine, kaka."

Basi ninyi mnaongoja mioyo yenu itakate kwanza ndipo mwende kwa ndugu zenu, ni nani aliyewaambia kwamba zege litawasubiri?