Kikombe cha Tatu

Sogeeni, wanangu, ngano inabisha hodi. Mkaribisheni mgeni.

Palikuwa na Sultani Shekuwe, aliyemiliki kioo kisemacho yajayo. Siku moja kioo kikamwambia, "Nimeona kahawa ya sumu katika nyumba hii, na ndugu mmoja amekufa."

Tangu hapo Sultani akamtilia shaka mdogo wake, Fumo. Desturi yao ilikuwa mdogo kuonja kwanza, kisha kumkabidhi mkubwa kikombe. Siku ya kwanza Fumo akaonja, akampa; Sultani akamwaga. Siku ya pili Fumo akaonja, akampa; Sultani akamwaga tena, akiwaza, "Huenda amekwisha kunywa kinga." Siku ya tatu Sultani akapika kahawa kwa mkono wake, akatia sumu, akammiminia ndugu yake.

Fumo akacheka. "Leo umenipikia, kaka? Nami nilidhani umenichoka. Basi tumepatana."

Akanywa, akaanguka, akafa.

Sultani akakikimbilia kioo akilia. "Yalikwisha kuandikwa. Mimi ningefanya nini?"

Kioo kikajibu, "Mimi niliona kahawa na maiti, mkono uliomimina sikuuona. Mara mbili ulikimwaga kikombe, Shekuwe. Mara ya tatu ni nani aliyekuzuia?"



Hapo mgeni wetu anaaga, wanangu. Mola ni mwingi wa rehema, na mlango wa toba uko wazi hata kwa Shekuwe. Lakini haingii humo mtu anayesema, "Si mimi."